Umri wa Kalamu ya Bi. Zuhura

Mtongwe, Likoni
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Najua huko Endebess salamu hii hatuna, na najua utaguna ukiisoma, lakini hapa pwani usipoitoa unaonekana hukufunzwa na wazazi, nami sasa imeshanikaa mdomoni. Ipokee tu. Masikio yanaendeleaje? Mama aliniambia daktari amekupa kifaa cha kusikilizia, nawe umekificha kabatini ndani ya soksi kwa sababu kinapiga mbinja. Baba! Wewe mwalimu, uliyewapigisha watoto wa watu magoti miaka thelathini kwa kosa la kutosikiliza? Na mguu wa Mama je, bado unavimba akisimama sana jikoni? Mahindi mmeshavuna, ama mvua imewakatalia?

Mimi ni mzima wa mwili. Nimeamua kuandika kwa sababu simu haitufai tena. Mara ya mwisho nilikuambia nina huzuni, ukanijibu kwamba hata yule kuku mweusi ameanza kutaga. Nilicheka, halafu nilipokata simu nikalia. Kwa hiyo vaa miwani ukae juani, maana barua hii ni ndefu na ndani yake kuna aibu yangu. Nani mwingine nimwambie? Nina upweke, Baba. Miaka sita katika mji huu na bado kanisani naitwa "yule dada wa magari."

Bado niko kwenye yadi ile ile ya magari, Changamwe. Watu wa nyumbani wanadhani nauza magari, na mjomba kila Krismasi ananiagiza pikapu. Mwambie siuzi hata gurudumu. Kazi yangu ni kusoma umri. Magari yanashuka bandarini kutoka Japani, na sheria yetu hairuhusu gari lililozidi miaka minane. Kila moja lina cheti chake, lakini Wajapani hawahesabu miaka kama sisi. Wao huhesabu tangu mfalme wao alipokalia kiti, na akikalia mwingine wanaanza tena moja. Basi kwenye cheti unakuta herufi ya zama za mfalme, kisha namba. H30 ni mwaka wa elfu mbili kumi na nane. R1 ndio mwaka unaofuata. Wenzangu huhesabu kwa vidole, mimi nasoma kama ninavyosoma jina langu. Wakikwama wanaita, "Nasimiyu, hili la lini?" nami najibu bila kuinua kichwa. Nakiri nilikuwa najivuna. Katika mji huu hapakuwa na jambo lingine la kumfanya mtu aniite kwa jina.

Asubuhi huwa ninayawasha magari mapya moja moja kuona kama betri zimesalimika safarini. Ukiwasha tu, sauti ya mwanamke inatoka kwenye dashibodi na kukusalimu kwa Kijapani, taratibu, kwa heshima zote. Kuna siku huyo ndiye mtu wa kwanza kunisemesha. Nami humjibu. Usimwambie Mama.

Ndani ya magari hayo hubaki vitu vya wenyewe: sarafu, ramani, hirizi za hekaluni, miwani ya kusomea. Mwaka jana, katika sanduku la dashibodi ya gari moja la mizigo, nilikuta kalamu ya wino ambayo sikuwahi kuona mfano wake. Haikuwa na kifuniko. Ilikuwa na kitufe nyuma kama biro ya kawaida, na ukikibofya, kilango kidogo mdomoni kinafunguka na nibu ya dhahabu inachungulia nje. Ukibofya tena inarudi ndani na kilango kinajifunga ili wino usikauke. Kishikizo chake cha mfukoni kimewekwa upande wa mdomo, kwa hiyo ukiichomeka mfukoni nibu inaelekea juu na haivuji. Bosi aliitazama, akasema nichukue, watu wa siku hizi wanaandika kwa dole gumba.

Nikaenda nayo nyumbani. Nyumbani, Baba, ni chumba kimoja katika nyumba ya Bi. Zuhura, hapa Mtongwe. Ni bibi wa miaka karibu themanini, mwenyeji wa asili, wazee wake walilima minazi na mihogo ya upande huu tangu zamani. Mumewe alikuwa mpishi katika meli za mizigo, na alifariki kabla mimi sijazaliwa. Bi. Zuhura hakujaliwa mtoto. Mumewe alikuwa na mke mwingine Jomvu Kuu, ambaye alifia uzazini, na kitoto kilichobaki kikaletwa kwa Bi. Zuhura kikiwa na siku arubaini. Ndiye Mwanaidi. Sasa Mwanaidi amepita miaka hamsini, ameolewa na kuachika, amerudi kumtunza huyo anayemwita mama. Alfajiri anakaanga mahamri ya kuuza, mchana anamwosha miguu Bi. Zuhura kwa maji ya uvuguvugu. Walinipokea vizuri mno. Wiki ya pili tu Bi. Zuhura aliacha kuniita "mpangaji" akawa ananiita "mwanangu." Wewe unajua nilivyoondoka nyumbani baada ya ndoa kuvunjika, sikuwa na hamu ya kuitwa chochote. Neno hilo lilinishika.

Aliponiona barazani nikiibofya ile kalamu, alikaza macho.

"Lete niione," akasema. Akaigeuzageuza. "Ndugu yake ninayo mimi."

Akaingia ndani, akatoka na leso ya hariri. Ndani yake mlikuwa na kalamu ya namna ile ile, nyeusi, nyembamba zaidi, imechubuka pale kidole gumba kinapokaa. Mumewe alimletea kutoka Yokohama, akampa wakati wa fungate yao. Kwa kalamu hiyo Bi. Zuhura ameandika, kwa herufi za Kiarabu, majina ya watoto wote waliozaliwa katika ukoo huu, na siku zao. Amenionyesha daftari. Jina la Mwanaidi lina ukurasa wake peke yake.

Tangu siku hiyo nikapata shughuli. Karibu na yadi kuna watu wanaofungua makontena ya vitu vilivyotumika Japani: baiskeli, sahani, vyerehani, meza za ofisi. Nilijifunza kupitia meza. Muuzaji yeye anatazama miguu kama imeoza. Mimi naenda moja kwa moja kwenye mtoto wa meza, tena ule wa juu kulia, navuta mpaka mwisho, napapasa nyuma ambako vitu huanguka vikasahaulika. Mara nyingi ni vifutio na pini. Lakini nimepata kalamu mbili za kubofya kwa njia hiyo, moja imeziba wino uliokauka kama lami. Jumamosi nikirudi Bi. Zuhura ananiuliza, "Leo umevua nini?" Tunaloweka nibu katika bakuli la maji baridi, sisi watatu tumeinama juu yake, na wino wa miaka mingi unatoka taratibu, rangi ya samawati. Baba, hizo ndizo saa nilizokuwa na furaha hapa. Ningekuwa na akili ningeishia hapo.

Sasa sikiliza. Ukifungua kiwiliwili cha kalamu hizi ukachomoa nibu na mrija wake, pembeni mwa nibu utaona namba zimegongwa, ndogo sana, zinataka lenzi. Kwenye zile mbili nilizozitoa mezani palikuwa na H1069 na H371. Mimi nikaona herufi niliyoizoea. H! Nikasema hii ni enzi ile ile ninayoisoma kila siku kazini. H10 ni mwaka tisini na nane, H3 ni tisini na moja, na hizo zilizobaki nyuma ni namba za kiwandani tu. Sikumuuliza mtu. Ningemuuliza nani, na mimi ndiye ninayeulizwa?

Jioni moja Bi. Zuhura akaniletea yake. "Nami nitazamie. Mimi najua umri wake, nataka kuona kama utapata." Ilikuwa mchezo, Baba. Alikuwa akitabasamu, meno yake mawili ya mbele nje.

Nikasoma. H1167.

"Ya mwaka tisini na tisa, Bi. Zuhura."

Akacheka. "Umekosea, mwanangu."

Hapo ndipo ningenyamaza. Lakini kiburi changu unakijua, wewe ndiye uliyenipa. Nilitoa simu nikamwonyesha picha za vyeti, nikamwonyesha jedwali la wafalme, nikamhesabia mwaka kwa mwaka mpaka nikafika. Nilimthibitishia. Nikamwambia mwaka huo mimi nilikuwa darasa la pili. Naye mumewe wakati huo alikuwa na miaka mingi kaburini. Kicheko kilimwisha kidogo kidogo. Akaifunga kalamu ndani ya leso, akakaa akiitazama leso.

Kalamu hiyo ilitoka nyumbani mara moja tu. Iliwahi kukwama kitufe, zamani, na Mwanaidi akaivusha ng'ambo ya feri kwa fundi wa saa. Ikakaa huko wiki mbili.

"Mwanaidi!"

"Abee, mama."

"Ndoo hapa." Mwanaidi akaja akifuta mikono ya unga. "Hino kalamu, ulipoipeleka kwa fundi, iliyorudi ni ile ile?"

"Ile ile, mama."

"Kweli?"

Mwanaidi alimtazama, kisha akanitazama mimi na simu yangu bado inawaka mkononi. "Mama, waniuliza nini?"

Bi. Zuhura hakumwita mwizi, wala hakupaza sauti. Lile "kweli?" lilitosha. Asubuhi Mwanaidi alikaanga mahamri kama kawaida, akayafunika, akaosha karai, akamwekea mamake maji ya miguu. Kisha akachukua mkoba akaenda kwa ndugu za mamake mzazi, Jomvu Kuu, wala hakurudi.

Nikabaki mimi na Bi. Zuhura. Nilijaribu kukaanga mahamri yakatoka magumu kama viatu, akayala yote hivyo hivyo, na hilo liliniuma kuliko kama angenicheka. Jioni alikuwa akielekeza sikio mlangoni kila apitapo mtu. Alikuwa haandiki. Mtoto alizaliwa kwa jirani, akaletwa aandikwe jina katika daftari, akasema mkono unamuuma.

Wiki mbili baadaye, kwenye kontena, nikavuta mtoto wa meza ya chuma na kukuta kalamu nyingine ya kubofya ndani ya kisanduku chake. Ilikuwa zawadi ya mtu kustaafu, maana ubavuni ilichongwa maneno ya Kijapani na chini yake mwaka, kwa tarakimu hizi hizi zetu: 1968. Nikaifungua pale pale kwenye vumbi. Nibu yake ilisema H968.

Kwa hesabu yangu hiyo ilikuwa nibu ya mwaka tisini na saba, katika kalamu iliyochongwa miaka ishirini na tisa kabla yake. Nilisimama, Baba, nikazisoma tena. Tisa. Sitini na nane. Nikazikumbuka zile za nyumbani: kumi, sitini na tisa, tatu, sabini na moja. Namba mbili za mwisho ndizo mwaka, na ile ya mbele ni mwezi. Ya Bi. Zuhura ilikuwa ya mwezi wa kumi na moja, sitini na saba, na fungate yake ilikuwa mwanzoni mwa mwaka uliofuata.

Usiku ule ule, nisije nikakosea mara mbili, nilimwandikia mama mmoja wa Nagoya anayetuletea magari. Alinijibu kwa adabu, akasema babake alikuwa na kalamu ya aina hiyo. Herufi H si ya mfalme hata kidogo, inaonyesha kiwanda. Mfalme wa miaka hiyo alikuwa mwingine na herufi yake nyingine. Akaongeza kwamba nibu hizi huchomolewa na kuhamishwa, kwa hiyo namba yake inasema nibu ilizaliwa lini, haisemi kalamu nzima ni ya lini. Yaani hata ningesoma sawasawa, sikuwa na haki ya kutamka kama hakimu. Mimi nilichukua kipimo cha magari nikampimia mwanamke mali ya ndoa yake, kisha nikamvunjia nyumba.

Niliogopa kumkabili Bi. Zuhura kabla ya kuzungumza na aliyeumizwa. Jumamosi nikatoka kazini nikaenda Jomvu Kuu kwa miguu, nikiulizia njia kwa kina mama. Nilimkuta Mwanaidi anaanika nguo. Alinikaribisha, akauliza, "Mama yu mzima?" kabla hata sijakaa. Nikamweleza yote. Nilikuwa nimechora namba kwenye karatasi, nikamnyooshea.

Hakuipokea. "Kwa hiyo sasa namba zasema mimi si mwizi."

"Ndiyo, dada. Nisamehe. Leo hii naenda kumwambia mama."

"Usende." Akabana nguo moja, akachukua nyingine. "Wewe wadhani niliondoka kwa ajili ya kalamu? Yule kanilea tangu sina shingo. Akaja mtu wa juzi na simu yake, na mama akaniuliza kweli. Ukimwambia leo, kesho yuwaja hapa mbio. Lakini yuwaja kwa namba. Mimi nataka aje namba zikiwa zanikataa."

"Na asipokuja?"

"Basi nitakuwa nimejua." Kisha akanigeukia. "Wallahi, ukimwambia, mimi sirudi."

Ungefanya nini, Baba? Nilirudi nikanyamaza. Nikawa nalala nyumba moja na bibi mwenye majonzi huku dawa yake iko mfukoni mwangu, na nimekatazwa kuitoa. Jioni moja akaniuliza, "Wewe katika hizi namba zako hukosei, sivyo mwanangu?" Nikasema, "Bi. Zuhura, binadamu hukosea." Akatikisa kichwa. "Binadamu, ndiyo. Namba je?" Nikainuka nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Tena nitakuambia jambo baya zaidi. Kunyamaza kulikuwa na utamu wake. Mwanaidi alipokuwa hayupo, mimi ndiye niliyekuwa namsomea dawa, namkuna mgongo, nasikia hadithi za meli za mumewe. Niliitwa mwanangu mara kumi kwa siku. Nilijiambia nanyamaza kwa ajili ya kiapo cha Mwanaidi, na ilikuwa kweli. Lakini haikuwa kweli yote.

Jumapili iliyopita, nikijiandaa kwenda kanisani, Bi. Zuhura akasimama mlangoni kwangu amevaa buibui na viatu vya Idi.

"Nipeleke Jomvu."

Safari nzima hakusema ila mara moja, tukiwa kwenye feri. "Nimewaza. Kama aliiuza, aliuza kalamu. Mimi nimeuza mtoto."

Tulipofika hakutaka kiti. Mwanaidi alitoka ndani, akasimama mbali kidogo, mikono imefumbata leso.

"Nimekuja kukutaka radhi," Bi. Zuhura akasema.

"Radhi ya nini, mama?"

"Ya kukuuliza."

Mwanaidi akanitazama mimi. Macho yake yalikuwa yananiuliza kama nimesema. Nikatikisa kichwa: hapana. Midomo ikaanza kumcheza kama ya mtoto. "Ngoja nichukue mkoba wangu," akasema. Walikwenda mbele wameshikana mikono na mimi nikawafuata nyuma nimebeba mkoba. Nilikuwa na furaha, Baba. Nataka ulijue hilo.

Alasiri hiyo nilikuwa barazani. Mwanaidi alikuwa jikoni anakuna nazi. Bi. Zuhura akaja na ile leso ya hariri, akaiweka mapajani mwangu.

"Chukua, mwanangu. Hino si ya mume wangu, nayo ishatutia fitina. Yake imekwenda, basi, Mungu amepanga. Wewe wavipenda vitu hivi."

Jikoni nazi ilinyamaza.

Hapo ningeweza kusema ahsante. Mwanaidi alikuwa amepata alichokitaka, mamake alimjia bila namba yoyote. Mimi ningebaki mtaalamu na mwanangu, wote wawili, na kalamu juu. Ila Bi. Zuhura angeingia kaburini akiamini zawadi ya mumewe ilipotea, na kumbe imelala chini ya mto wangu. Nikaifungua leso. Nikamwambia, "Bi. Zuhura, ni yake. Ni ile ile." Nikamweleza herufi, mwezi, mwaka, kalamu ya yule mstaafu, majibu ya Nagoya, yote, mpaka mdomo ukanikauka.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akaichukua kalamu mapajani mwangu, akabofya mara moja, nibu ikatoka. Akaiangalia sana. Akabofya ikarudi.

"Tangu lini wajua?"

"Wiki tatu sasa."

"Nilimkataza mimi, mama," Mwanaidi akasema kutoka mlango wa jikoni. "Nilimuapia." Na kwa hilo nitamshukuru mpaka kufa, maana hakuwa na deni la kunitetea.

"Wewe ulimkataza," Bi. Zuhura akasema. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo. "Na yeye uongo wake aliusema siku ile ile, hakuulaza hata usiku mmoja. Ukweli amekaa nao wiki tatu, yuwala nami."

Nilitaka kusema haukuwa uongo, lilikuwa kosa. Lakini kwake, lililotoka kinywani mwangu lilifanya kazi ya uongo. Nikasema tu, "Nisamehe." Akasema, "Nimekusamehe." Najua amenisamehe kweli, Baba, si mtu wa kusema asilomaanisha. Akaingia ndani na kalamu yake. Kesho yake aliandika jina la yule mtoto wa jirani, nilimwona dirishani, ulimi umetoka kidogo pembeni kama mtoto wa chekechea.

Hawajanifukuza. Mwanaidi ananisalimu vizuri, ananiuliza kazi. Lakini katika nyumba hii sote watatu tulikuwa tunakula sinia moja, tumekaa mkekani, na Bi. Zuhura alikuwa akinisukumia minofu ya samaki kwa ncha ya vidole bila kunitazama. Tangu Jumapili ile, magharibi ikishapita, Mwanaidi anabisha mlango wangu ameshika sahani iliyofunikwa kwa kawa. "Karibu chakula, mgeni wetu," anasema, na anatabasamu. Wali ni ule ule wa nazi, na vipande vya samaki ni vikubwa kuliko nilivyokuwa nikipata. Nakaa kitandani nakula, nawasikia wakizungumza ukumbini.

Sikuombi ushauri, Baba, ila uniombee. Msalimie Mama, umwambie apumzishe mguu na asiwasomee majirani barua hii. Msalimie mdogo wangu Wekesa, anayelala chumba changu, asitoe mapazia. Msalimie shangazi, dada yako wa Kiminini, umwambie bado sijapata mtu na aache kuniulizia kwa mchungaji. Mjomba wa pikapu namsalimu pia. Na bibi, mama mzaa mama, mshikie mkono kwa niaba yangu, usimwambie lolote, mwambie nimenona.

Unijibu kwa mkono wako mwenyewe. Hata kama huna habari andika kurasa mbili. Niandikie nani alikaa wapi mlipokula jana.

Ni mimi binti yako,
Nasimiyu